Sekunde Kumi na Mbili za Salamu

Nilifuta mstari wa kumi na saba. Bora niseme mapema, maana nikianza na habari nzuri za Prof wa Informatique mtadhani mimi pia nilikuwa mtu mzuri. Sikuufuta kwa bahati mbaya. Niliufuta Jumatano mchana, akili zangu zote zikiwa kichwani, kwa sababu kulikuwa na mechi kwenye uwanja wa paroisse, parokia yetu, na mpira ulikuwa wangu. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi. Uliiambia mashine: ngoja sekunde kumi na mbili. Mahali pake niliandika maneno ya kujichekesha mwenyewe, nikabonyeza, nikaenda kucheza. Tulishinda mbili kwa moja. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Prof alitufundisha kompyuta miaka miwili bila kompyuta. Shule ilikuwa na moja tu, imekaa katika ofisi ya préfet, mkuu wa shule, chini ya kitambaa cha kufuma, na sijaona mtu aliyewahi kufunua kitambaa kile. Kwa hiyo Prof alichora clavier ubaoni kwa chaki, herufi zote, hata vile vibonye vya pembeni ambavyo hakuna anayejua kazi yake, nasi tulipita mmoja mmoja kuandika majina yetu kwa kidole. Ukikosea, ulirudi kugusa mshale wa kufuta. Ukiugusa kwa nguvu alikuambia umeuumiza.

Siku ya zamu yangu nilijikwaa kwa makusudi. Kiwiko kikapita ubaoni na safu nzima ya juu ikaondoka. Darasa lilicheka mpaka madirisha yakatikisika.

"Umevunja clavier ya batu," Prof akasema, bila kupandisha sauti.

"Prof, iko chaki tu."

"Miye najua iko chaki. Basi itengeneze."

Nilichora mpaka kengele, na wanafunzi sitini wakanisahihisha kila herufi. Tulikuwa arobaini mwanzoni mwa mwaka. Wale wengine walikuja na vita, na magodoro, na dada wadogo waliokaa chini ya benchi wakati wa somo. Ndiyo sababu mimi naandika bila kuangalia vidole. Vilichoka siku ile vikakariri.

Kwenye examen aliuliza njia moja ya kuzima kompyuta. Niliandika: kungoja courant iende. Alinipa pointi zote, akaongeza pembeni kwa wino mwekundu kwamba jibu linakubaliwa kwa wakaaji wa commune ya Tshopo peke yao. Sisi barrage, lile bwawa la umeme, tunaisikia ikinguruma tukiwa darasani, na taa hatuna.

Alikuwa mtu wa kutembea kwa miguu. Toleka, zile baiskeli za kubeba abiria ambazo mji mzima unapanda, alizikataa kabisa. Si kwa hofu ya kuanguka. Alisema hawezi kukaa nyuma ya mtu na kuzungumza na mgongo wake. Kutoka kwake mpaka soko ni dakika kumi na tano; Prof alitumia saa nzima, kwa kuwa hakumruka mtu. Alisalimia mama wa mikate, mzee wa redio, askari wa kizuizi, halafu watoto wa askari, halafu akarudi nyuma kwa kuwa alisahau kuuliza kama mguu wa mama wa mikate umepona. Tulimwiga darasani. Mimi nilikuwa bingwa wa kumwiga. Nilivaa miwani ya waya na kusalimia ukuta.

Na kusema kweli, akifika sokoni ilikuwa aibu. Mtu huyu alijua bei ya pasi, ya blenda, ya thermos ya lita tatu, madukani Kampala na kwingine, pamoja na rangi zilizobaki. Lakini muuza sombe, majani ya muhogo, akimtajia bei ya kumtania, Prof alitoa pesa na kusema aksanti. Hakujua kupunguza. Wauzaji walipomwona kwa mbali walipanga vifungu vidogo mbele. Mke wake aliacha kumtuma.

"Prof, weye uko na bei ya dunia mu kichwa," mama yangu alimwambia siku moja, "na unalipa sombe kama nyama?"

"Mama, ile bei ya mashine hainitazamake mu macho."

Sasa nieleze hizo bei zilivyoingia kichwani mwake. Nyumbani kwake, kwenye baraza, kulikuwa na kompyuta ya kweli, ndogo, yenye kifungo cha shati mahali pa herufi A. Iliishi kwa betri ya gari na kioo cha jua juu ya bati. Wingu likitokea upande wa Banalia, hata dogo kama sahani, Prof alichomoa nyaya zote na kukaa mbali na meza kama mtu aliyefiwa. Ndani ya kompyuta hiyo alikuwa ameandika programu, aliyoiita Mjumbe. Kazi yake: kuingia kwenye maduka yanayouza kwenye internet, ukurasa baada ya ukurasa, kusoma jina la kitu, bei yake, na kama kipo au kimekwisha, kisha kuandika yote katika jedwali moja. Prof alilichapa na kulibandika kila Alhamisi kwenye ukuta wa duka la mama yangu.

"Page ya duka iko kama kuku," alitueleza. "Weye unaona manyoya. Mjumbe anaona mifupa. Bei inakaaka ku mfupa moja, kila siku ile ile. Ukiijua, umemaliza."

Haikuwa kila siku ile ile. Mara moja duka lilihamisha mifupa, na Mjumbe akaleta friji ya dola nne. Ilikuwa bei ya kitambaa cha kufunika friji. Lakini karatasi ilikwisha kubandikwa, na asubuhi akaja baba mmoja wa jirani na pousse-pousse, mkokoteni wa kukodi, amevaa koti la misa, na wanawe wawili wa kusukuma. Ilibidi Prof amweleze mbele ya wanawe. Alimweleza nusu saa. Toka siku hiyo Mjumbe alifundishwa kutilia shaka: bei ikiruka au ikishuka kupita kiasi, anaweka alama ya kuuliza, na Prof anakwenda kuhakikisha mwenyewe. Wamama wa soko, ambao wengine hawasomi, waliijua alama ile vizuri. Walisema, "Hii iko na ndoano, tungoje."

Mnaweza kuuliza sisi na bei za Kampala tuna nini. Mama yangu ni mtu wa Butembo, na watu wa Butembo waliouza Kisangani walikuwa na desturi: mali inatoka mashariki kwa barabara, na bei inatoka mashariki kwa simu ya shemeji. Vita vilipofunga barabara, mashemeji wengine wakakimbia, wengine wakanyamaza. Ukabaki uvumi. Kila aliyeshuka kwenye ndege alishuka na bei yake mwenyewe. Mama na wenzake kumi wakaungana, kumi na moja kwa jumla, wakawa wanaweka pesa pamoja na kumkabidhi commissionnaire mmoja, mtu wa marashi na viatu vyenye ncha, ambaye alipanda ndege, akavuka mpaka, akanunua na kurudisha mali kwa njia alizozijua yeye. Alikuwa na faida yake, hakuna aliyemnyima. Lakini karatasi ya Prof ukutani ndiyo iliyomzuia kuzidisha.

Watu walimwomba Prof amtume Mjumbe akakusanye na habari za vita: wapiganaji wamefika wapi, wameacha nini. Alikataa kila mara.

"Mjumbe anasoma kile mwenye duka ameandika," alisema. "Vita, mwenye kuiandika haiko ku duka."

Halafu jioni ungemkuta na kiredio sikioni, macho yamefungwa. Nilimkuta. Alisema anasikiliza mpira.

Nafika kwenye mstari wa kumi na saba. Prof hakutaka Mjumbe aingie dukani kama mwizi. Kwanza alimpa jina na namba ya simu: kila anapobisha hodi kwenye ukurasa, anaacha maandishi kwamba yeye ni Mjumbe wa mwalimu fulani wa Kisangani, anasoma bei tu, na mwenye duka akichukia apige namba hii. Pili alimfundisha kusalimia. Mashine haiwezi kusalimia, kwa hiyo Prof alimpa muda wa salamu. Aliupima darasani. Alimsimamisha msichana wa mbele, akashika saa, wakasalimiana kabisa: mbote, mbote, habari ya nyumba, benyewe biko, batoto, biko, kazi, tunavumilia na vita, aksanti. Sekunde kumi na mbili.

"Ukifika kwa mutu unasema hii yote mbele ya kuomba kitu," akasema. "Donc Mjumbe atangoja kumi na mbili, alafu ataomba page moja. Moja. Alafu atangoja tena."

"Prof," nikasema, "mashine ya kule haina batoto."

"Iko na mwenye. Mwenye iko na batoto."

Kurasa zilikuwa mia tisa. Mia tisa mara kumi na mbili ni saa tatu kamili. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe, kwa uchungu, kwa kuwa Jumatano mchana Prof alikuwa na darasa la wakubwa na mimi ndiye niliyeachwa barazani kulinda kompyuta na kutazama mawingu. Aliniamini kwa sababu ya vidole vyangu. Saa tatu, kuanzia saa nane. Mechi ilikuwa saa tisa na nusu.

Basi nilifuta, na mahali pake nikaandika, kwa alama ile inayoiambia mashine isisome: "Mbote zenu kesho, leo tuko na match."

Mjumbe aliondoka mbio. Kurasa zilimiminika mpaka nikacheka peke yangu. Zilipofika mia mbili na kitu zikasimama, na jedwali likaanza kujaza neno moja kila mstari: limekataliwa, limekataliwa, limekataliwa. Nilidhani ni réseau, mtandao tu. Nikafunga kifuniko na kuchukua mpira.

Kesho yake, Alhamisi, saa nane, wamama kumi na moja walikaa mbele ya duka letu juu ya mabassin, mabeseni ya kuuza, yaliyofudikizwa. Pesa zilikuwa zimefungwa kwenye kitenge cha mama, kiunoni. Ndani yake kulikuwa na ada yangu ya shule, ya dada zangu, na ya watoto wa kila mmoja aliyekaa pale. Commissionnaire alikuwa anaruka Ijumaa asubuhi. Alikuwa amefika mapema, amekunja mguu.

"Bamama, miye nawaambia mbele," alisema. "Kule iko moto. Thermos imepanda mara mbili. Bassin, mara mbili. Ni vita."

"Vita iko Kampala?" mama akauliza.

"Vita iko kila fasi, mama."

"Tungoje Prof."

Prof alikuja kwa miguu, akasalimia wote, mmoja mmoja, na mikono yake ilikuwa mitupu. Nilijificha nyuma ya mifuko ya sabuni.

"Karatasi haiko," akasema. "Duka ya Kampala imenifungia mulango. Mjumbe wangu alikosa heshima. Ni kosa yangu."

Mama mmoja wa viatu vya plastiki alisema polepole, "Prof, leo?" Na commissionnaire akasimama, akavuta suruali, akanyoosha kiganja kuelekea kitenge cha mama.

"Bon. Mara mbili, mama. Ao mnabakia na pesa yenu, na mwezi ujao itakuwa mara tatu."

Mama aliweka mkono kiunoni. Alianza kufungua fundo. Nilikuwa nimeweka mdomo wazi niseme, nawaapieni, na kisha nikaufunga. Hapo simu ya Prof ikalia.

Aliitazama. Namba ya nje. Akaweka sauti ya juu, kwa kuwa sikio lake moja lilikuwa limechoka na kile kiredio.

"Wewe ndiye mwalimu wa Kisangani?" ikauliza sauti ya mwanamke, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi.

"Ni miye, mama. Mbote. Habari ya nyumba?"

"Nyumba nzuri. Mimi ndiye mwenye duka. Bwana mwalimu, fundi wangu amekuwa akiniambia miezi mingi: kuna mtu wa Kongo anakuja kila wiki, anapita polepole, anaacha jina na namba. Nikamwambia, mwache, huyo amelelewa. Jana mmeniingilia kama ng'ombe mia mbili kwa mlango mmoja. Duka langu limezimika mchana kutwa. Kumetokea nini? Mmepata vita huko?"

"Vita tulikuwa nayo, mama. Hii ni kosa ya nyumba yangu. Naomba unisamehe. Batoto wako?"

"Watoto wapo."

"Na kazi?"

"Kazi ndiyo hiyo uliyoizima."

Wamama walikuwa wamesimama. Mama yangu alimsukuma Prof begani. "Ingia mu thermos, Prof. Ingia mu thermos."

Akaingia. Alimweleza kwamba wako wamama kumi na moja, na ndege ya kesho, na akaomba, kama si usumbufu, bei moja tu ya thermos ya lita tatu. Tukasikia mwenye duka akipekua karatasi, akaitaja. Ilikuwa imepanda kidogo, bei ya mikate miwili. Prof akashukuru. Kisha, mbele ya macho yetu, na pesa za simu zikiliwa, akaanza upya: "Na mzee wa nyumba, anaendelea?" Ndipo akaomba bassin. Alikuwa anafanya kazi ya Mjumbe kwa mdomo, na hakuruka salamu hata moja. Réseau ilikatika mara tatu. Kila iliporudi alianza na mbote.

"Nakufa," akasema yule mama wa viatu vya plastiki. "Bitu arobaini, na kila moja na batoto yake."

Mwenye duka kule tulimsikia akicheka. Kwenye bei ya kumi hivi ndiye aliyeanza kuuliza yeye: mvua, mto, kama ni kweli tunakula ndizi za kutwangwa. Prof alimweleza lituma tangu kumenya.

Karatasi haikuwepo, kwa hiyo bei ziliandikwa kwa chaki kwenye mlango wa bati wa duka letu. Prof aliniita kutoka kwenye sabuni.

"Kuja. Weye uko na mukono ya mbio."

Alinipa chaki na kuniangalia kidogo, kama mtu anayesoma. Nikaandika vitu arobaini. Bassin hazikupanda. Pasi zilipanda kweli, karibu mara mbili, na Prof akasema niandike kama ilivyo, asionewe mtu. Commissionnaire alisoma mlango wote, akajipangusa shingo.

"Labda mwenye kuniambia alisema pasi," akasema.

"Labda," mama akasema, akampa pesa za bei ya mlangoni na faida yake juu, wala si zaidi.

Mlango wa Kampala ulifunguliwa wiki ile ile. Mstari wa kumi na saba ulirudi mahali pake. Prof aliurudisha mwenyewe na hakuniambia neno. Mimi niliamua kwamba hajui. Wamama walimtania mwezi mzima, wakamwita Prof Ng'ombe Mia Mbili, naye aliitika na kuwauliza habari za nyumbani.

Nilimwona kwa mara ya mwisho miezi minane baadaye, ng'ambo ya daraja la Tshopo, pale malori ya Banalia yanapojaza. Walikuwa wamempa shule ya kuongoza huko, mahali ambapo simu inapandiwa kilima. Mama alinichukua tumpelekee chakula cha njia. Tulimkuta amekaa juu ya magunia ya chumvi, amekumbatia ubao mkubwa kama mlango. Ulikuwa umepakwa rangi nyeusi, na juu yake clavier nzima kwa rangi nyeupe ya mafuta.

"Hii, hata kiwiko haiiwezi," aliniambia.

Akatoa mfukoni clé, flash ndogo ya kompyuta, na kuniwekea kiganjani. Mjumbe alikuwa ndani. Alisema karatasi ya Alhamisi sasa ni yangu, na mama akasema aksanti mara tatu kwa niaba yangu.

"Alafu, ku mustari ya kumi na saba," Prof akaongeza, "ile maneno yako ya match niliiacha pale chini. Nikichoka, nafunguaka, nachekaka."

Mama aligeuka. "Maneno gani ya match?"

Prof alimtazama mama, akanitazama mimi, akaelewa amefanya nini. Alilitazama lori.

"Chauffeur," akaita, na dereva alikuwa bado anakula, "tunaenda?"

Lori liliondoka nusu saa baadaye, na kwa nusu saa hiyo yote Prof alizungumza juu ya chumvi. Lilipopotea kwenye vumbi mama aliniuliza tena, nami nikamwambia kila kitu: mechi, saa tatu, mstari, lile neno limekataliwa, na mimi nyuma ya sabuni wakati fundo linafunguliwa. Hakunipiga. Alisimama tu kando ya barabara, kitenge kimekazwa, akiangalia vumbi. Nilihesabu bila kutaka. Zilifika kumi na mbili.

Ndipo akasema: "Kesho utapita kwa bamama bote kumi, mulango kwa mulango, useme ile ulifanya. Na kila mulango, usalimie kwanza."